Tangi Hunywa Kwanza

Pale Suame, Kumasi, kwenye ule mji wa mafundi tunaouita Magazine, mtu aliyetaka kununua kompresa kuukuu ya kiwandani hakuanza kwa muuzaji. Alianza kwa Abena Dufie. Kibanda chake kilikuwa na benchi moja, kopo la mafuta ya taa, brashi ya waya na nyundo ndogo yenye mpini uliong'aa kwa jasho la mikono miwili: wake na wa marehemu aliyemwachia. Watu walimwita Mama Upepo. Mwenyewe alisema upepo haujamlipa hata siku moja, wanaomlipa ni watu, tena kwa kuchelewa.

Hakuja Magazine kwa ajili ya mashine. Alikuja na sufuria ya kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, kichwani, akiwa na miaka kumi na tisa, akaketi kando ya mlango wa Mjomba Nsiah, mzee aliyefufua kompresa zilizokwisha kukatiwa tamaa. Kwa muda wa miaka mitatu aliuza kenkey na samaki wa kukaanga huku masikio yakishinda ndani ya karakana. Ikafika siku mzee anabishana na mteja juu ya mashine iliyokuwa ikigonga tak-tak-tak. Mteja anasema beringi, mzee anasema pistoni. Dufie, akiwa anahesabu samaki, akasema bila kuinua uso, "Si beringi wala pistoni. Ni valvu ya silinda ndogo, inachelewa kurudi."

Wakacheka. Wakafungua. Ilikuwa valvu.

Mjomba Nsiah akamgeukia, akasema, "Kesho uje bila sufuria."

Alikuja bila sufuria kwa miaka ishirini na sita. Mzee alipofariki, nyundo na benchi vikabaki kwa Dufie, pamoja na maneno ambayo alikuwa akiyarudia kwa kila mnunuzi aliyeleta haraka zake: "Kompresa ya mtumba ina mama watatu. Kichwa kinachosukuma upepo kina mama yake, mota ina mama yake, na tangi lina mama yake. Usimsalimie mmoja ukadhani umewasalimia wote."

Na kweli, ndugu zangu, nusu ya mashine zilizopita Magazine zilikuwa zimeungwa kutoka kwa maiti watatu. Kibati cha kiwanda kinaonyesha jina na nguvu, lakini kibati hushikwa na ribiti nne tu, na ribiti mtu hung'oa akiwa anatafuna karanga. Dufie hakukisoma kibati kabla ya kulala chali chini ya mashine, akakwangua rangi kwenye kitako cha silinda, akatafuta namba iliyotokeza kwenye chuma chenyewe. Hiyo ilimwagwa pamoja na chuma, haina wa kuing'oa. Akitoka huko ananusa mafuta. Meusi ni uzee wa kawaida, meupe kama maziwa ni maji yameingia, na yanayonuka kuungua ni siri ya mtu. Kisha anaiwasha mashine, anatazama saa yake, na kuhesabu dakika ambazo tangi linachukua kujaa. Muuzaji hudanganya, kibati hudanganya, lakini dakika hazijui kuhonga. Mwisho ndipo analipiga tangi nyundo, kidogo kidogo kama anayebisha hodi, hasa tumboni chini ambako maji hukusanyika na kutu hula kimya kimya.

Basi likaja jambo la Atakora.

Atakora alikuwa fundi wa matairi ya malori, ana kipande chake kando ya barabara ya kwenda Sunyani. Kompresa yake ndogo ilikuwa ikikohoa kama mzee wa tumbaku. Lori moja likija, dereva anakunywa chai, anamaliza, anaagiza nyingine. Sasa alikuwa amepata kubwa: tangi la lita mia tano, kichwa cha silinda mbili, rangi ya buluu inayong'aa. Ilitoka kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa, na ilikuwa uani kwa Mzee Gyimah, muuza vyuma mashuhuri kwa kofia yake ya kufuma na kwa kicheko chake kilichotangulia bei.

Ijumaa mchana Dufie akaitwa. Akalala chali, akakwangua, akapata namba. Kichwa halisi. Akazungusha gurudumu la mkanda kwa mkono na kuziba tundu la kutolea upepo kwa kidole gumba; kidole kikasukumwa kama na ndama mwenye njaa. Mota ilikuwa imesukwa upya, lakini ilisukwa na mtu anayejiheshimu. Akasema, "Sasa washa tuhesabu dakika."

"Umeme umekatika tangu asubuhi, Mama," akasema Mzee Gyimah. "Na winchi ya kupakia nimeikodi hadi saa tisa. Mwenye winchi ni shemeji yangu, unajua shemeji wanavyokuwa."

Atakora naye akaanza kuhamahama miguu. "Mama, upepo si umeusikia kwa kidole? Kidole chako kinashinda umeme."

Dufie akachukua nyundo, akagonga tangi. Mgongoni lililia kama kengele. Ubavuni, kengele. Tumboni chini, upande wa nyuma, likaitika kwa sauti nzito, *dup*, kama mtu aliyejibu akiwa na chakula mdomoni. Akafungua koki ya chini. Yakatoka maji ya kutu, nusu ndoo. Akasema moyoni, ni maji tu, ndiyo yaliyoziba sauti. Angerudia kugonga baada ya maji kwisha. Alikuwa tayari ameinua nyundo.

Lakini huku nyuma chupa ilikuwa imefunguliwa. Hapa kwetu mauzo hayafungwi kwa karatasi. Yanafungwa kwa aseda, shukrani ya mnunuzi, kinywaji kinachomiminwa mbele ya mashahidi. Mkaguzi aliyetaja thamani ya mashine akinywa, neno lake limekuwa chuma. Na Mzee Gyimah, mwepesi wa ulimi, alikuwa ameshaanza kuwamiminia wazee waliotangulia, tone kwa tone chini, akiwataja kwa majina.

"Na wewe Nsiah," akasema, "uliyemfundisha binti huyu kusikia. Njoo unywe naye."

Glasi ikawekwa mkononi mwa Dufie. Ndugu zangu, jina la mwalimu wako limeshaitwa, ardhi bado imelowa, utairudishaje glasi? Ungekuwa unamfukuza marehemu mlangoni. Akataja thamani, sedi elfu thelathini na sita, akanywa. Winchi ikainua. Saa tisa haijafika.

Kesho yake, Jumamosi, Dufie alikuwa na msiba wa kwenda. Alijifunga kitambaa cheusi, akavaa hereni nyeusi, na kabla ya kutoka akafanya alilofanya kila Jumamosi: akafuta vyombo vyake kwa mafuta ya taa. Nyundo ikaacha alama kwenye kitambaa cha kufutia. Alama ya buluu, hiyo ni rangi. Na pembeni ya buluu, unga laini wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

Akausugua kati ya vidole. Akaunusa.

Chuma hakitoi unga wa namna ile, wala kutu, ambayo ni nyekundu. Unga ule anaujua kila mtu Magazine: ni fila, lile jiwe bandia ambalo mafundi bodi huzibia mashimo ya magari, wakalipiga msasa, wakalipaka rangi, gari likawa bikira tena. Lile *dup* halikuwa maji.

Dufie akaketi kwenye benchi. Hakukaa sana. Aliyekunywa aseda akitaka kulirudisha neno lake, hurudisha chupa mbili mbele ya walewale waliomwona akinywa, na Magazine nzima ikasema sikio lake limekufa. Alilijua hilo. Alijua pia kwamba fundi wa umeme angemfungia Atakora mashine siku hiyohiyo. Na alijua kilichoko hatua tatu kutoka lilipowekwa lile tangi: kinu cha Konadu, mke wa Atakora, auzaye fufu ya mihogo ya kutwanga, na mabenchi ya wateja wake.

Akaenda kwa jirani anayezibua rejeta, akaazima pampu ya mkono ya kusukumia maji na kupimia uvujaji, akaipakia kwenye teksi pamoja na mpira wa maji.

Alipoteremka kando ya barabara ya Sunyani, akiwa mweusi tangu kichwani hadi miguuni, Konadu aliacha mchi hewani.

"Mama Dufie! Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu," akasema Dufie. "Ndiyo maana nimewahi. Atakora yuko wapi?"

Atakora alikuwa nyuma ya tangi akimshikia fundi wa umeme taa. Akachomoza uso unaocheka. "Mama! Umekuja kuisikia ikiimba? Dakika kumi tu tunawasha."

"Usiwashe."

"Kwa nini?"

"Jana nilikosea."

Uso wa Atakora ukabadilika polepole, kama tairi linalotoa upepo. "Mama, ulikunywa. Mimi nilikuona."

"Nilikunywa. Leo nimekuja kutapika." Akafunua kitambaa, akamwonyesha unga. Akachutama nyuma ya tangi kwa nguo zake za msiba, akachomoa kisu, akakwangua. Chini ya buluu likatoka fila, upana wa kiganja.

Fundi wa umeme akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili. Lakini mteja mmoja wa fufu, ambaye hakuombwa maoni, akapaza sauti: "Sasa mashine imeshanunuliwa, unaikwaruza ya nini? Mwiteni mwenyewe Gyimah."

Akapigiwa simu. Alifika naye akiwa na vazi lake la msiba begani, kwani msiba ulikuwa mmoja. Akalitazama lile kovu, akacheka kicheko chake.

"Poda hiyo! Winchi ya kiwanda iliibonyeza, wakaipaka poda ipendeze. Nani hapaki poda? Wewe mwenyewe, Mama Upepo, huo uso wa asubuhi hii ni mtupu?"

Watu wakacheka. Dufie akangoja wamalize.

"Kama chini ya poda chuma ni kizima, maji yatasema. Tulijaze maji, tulibane."

"Maji? Kompresa ya upepo unaitia maji?" Mzee Gyimah akawageukia watu. "Mnasikia? Sikio limeingia nta, sasa anataka kuoga. Jana ulimnywea Nsiah, leo unamtemea. Haya, mimi nitakuwa mwungwana. Tia maji yako. Lakini tangi likishika, unainunua mashine wewe, kwa bei uliyoitaja kwa kinywa chako. Na lile benchi la Nsiah linatoka Magazine. Ukauze kenkey."

Konadu akamshika mkono. "Mama, achana naye. Tutaitumia kidogo kidogo tu, hatutaijaza."

"Binti yangu, kompresa haijui kidogo. Inajaza hadi ijizime yenyewe." Akamgeukia Mzee Gyimah. "Nimekubali. Benchi na yote. Leteni maji."

Lita mia tano si mzaha. Bomba lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mpira ukaishia nusu ya njia; kutoka hapo maji yakaja kwa ndoo. Fundi wa umeme alibeba, wateja wa fufu wakabeba, hata yule wa maoni akabeba, akilalamika. Dufie aliziba matundu yote isipokuwa moja la juu kabisa, akangoja hadi maji yatokee pale bila povu, ndipo nalo akaliziba. Hakutaka hata kikombe cha upepo kibaki ndani.

"Kwa nini maji ni salama na upepo sivyo?" Konadu akauliza. Alikuwa ameshahamisha kinu bila kuambiwa.

"Maji ukiyabana hayana hasira. Yakipata tundu yanatema mate, basi. Upepo ukiubana unakuwa springi, unaweka kisasi. Ukipata tundu unaondoka na ukuta."

Akafunga pampu, akakunja vazi lake jeusi hadi magotini, akaanza kushusha na kupandisha mpini. Sindano ya geji ikaamka, ikaanza kuhesabu baa. Mbili. Tatu. Nne. Barabarani malori yakapita, hakuna aliyegeuka. Kwenye tano Atakora akataka kumpokea.

"Acha," akasema. "Nilikunywa kwa mkono huu."

Sita. Tangi kimya. Fila limekaa pale kama kovu lililopona.

"Inatosha!" akasema Mzee Gyimah. "Tumeona wote. Sita, na halijalia hata chozi. Mama, andaa fedha."

"Mashine hii inajizima kwenye kumi. Na mimi nitafika kumi na tano, ndivyo tangi linavyopimwa."

"Unalitesa!"

"Afadhali nilitese mimi kuliko limtese Konadu."

Saba. Jasho likamwingia machoni, hakulifuta. Kama angeshindwa, angekwenda kutafuta wapi sedi elfu thelathini na sita? Hakujua. Alijua tu kwamba jana aliinua nyundo mara ya pili, na hakuishusha. Leo angeishusha. Akakaza mpini.

Kwenye nane kikasikika kitu kidogo, *tik*, kama kucha inayovunjika. Sindano ikaanguka. Bandiko la fila likadondoka chini zima zima kama ganda la kidonda, na kutoka tumboni mwa tangi ukachomoka uzi wa maji, mwembamba, ulionyooka, ukapita pale kilipokuwa kinu asubuhi, ukampiga Mzee Gyimah kifuani kwenye vazi lake la msiba.

Hakuna aliyecheka. Atakora alijongea, akatia kidole pale. Chuma kilikuwa chembamba kama kifuniko cha kopo la maziwa. Kilikunjika chini ya kidole chake. Akaketi juu ya tairi. Konadu alikuwa akitazama mahali pa kinu chake pa zamani.

"Mimi pia niliinunua imeshapakwa," Mzee Gyimah akasema kwa sauti ndogo ambayo wengi hawakuwahi kuisikia.

"Nakuamini," akasema Dufie. "Uliigonga?"

"Niligonga."

"Ukasikia?"

Mzee akatazama maji yakitiririka kwenye vidole vya miguu yake. Dufie hakumrudia swali. Hata yeye jana alikuwa amesikia.

Badala yake alijifuta mikono, akaanza kazi aliyopaswa kuimaliza jana, kwa sauti ya wote kusikia. "Kichwa ni halisi na kina nguvu: elfu kumi na tisa. Mota, kwa kuwa imesukwa upya: elfu tano na nusu. Tangi ni chuma chakavu, lipimwe kwa kilo kwenye mizani. Kilichozidi kinarudi kwa Atakora. Mzee, una neno?"

"Sina," akasema Mzee Gyimah.

"Mimi ninalo. Aitwe mwenye gesi. Tangi likatwe hapahapa, tundu kubwa la kupitisha kichwa cha mbuzi, asije mwingine akalipaka poda."

Likakatwa. Alisimama pale hadi mwali ulipozimwa. Kisha akamtuma fundi wa umeme kununua chupa mbili, akaenda nazo uani kwa Mzee Gyimah, akazirudisha mbele ya walewale waliomwona akinywa, kama desturi inavyotaka, na kusema maneno yanayotakiwa: neno langu la jana nimelirudisha, msilitegemee. Yalimtoka kwa shida. Msibani alifika wakati watu wanatawanyika, na tope hadi magotini.

Msidhani Magazine ilimpigia vigelegele. Wiki tatu hakuna aliyekuja kibandani. Wengine walisema ameokoa watu, kisha wakaongeza, lakini si alikunywa? Walipita wakiangalia upande wa pili. Dufie alishinda akipaka mafuta mpini wa nyundo, anafungua asubuhi, anafunga jioni, kama mwenye foleni ya wateja. Wa kwanza kurudi alikuwa Atakora, akitafuta tangi la kukifungia kile kichwa. Wa pili, jamani, hamtaamini: Mzee Gyimah, kofia mkononi, ana kompresa ya kijani kutoka mgodini, iko uani kwake.

"Nimekuja uisikie kabla sijaiuza," akasema.

"Umeme upo?"

"Upo. Na maji nimechota."

Mnunuzi wa mashine ile ya kijani alikuwa kijana wa Obuasi mwenye haraka. Dufie alihesabu dakika zake, akagonga mara ya kwanza, akagonga mara ya pili, na sasa alikuwa amepiga magoti kwenye pampu. Kijana akafungua chupa na kuanza kuimwaga chini akitaja wazee. Mzee Gyimah akamkamata kiwiko.

"Bado, mwanangu. Kwa Mama huyu tangi hunywa kwanza."

Glasi ikalazwa kifudifudi kando ya nyundo ya Nsiah. Sindano ikapanda: kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Dufie akaiacha hapo, akazunguka tangi lote akipapasa tumbo lake kwa kiganja, akitafuta unyevu. Likawa kavu. Ndipo akaketi, akaigeuza glasi mdomo juu.

"Haya," akamwambia Mzee Gyimah. "Sasa mwite Nsiah."